Mtungi Chini ya Koki

Kila niliporudi kijijini kutoka safari na kwenda kumsalimu, kabla sijapewa kigoda, Mkunga aliniuliza neno moja tu.

"Umemwona?"

"Sijamwona, mama."

"Haya. Karibu sasa."

Ndipo salamu zilipoanza, habari za njiani, habari za afya, habari za huko, kana kwamba nimeingia dakika ile. Aliniuliza hivyo niliporudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Lupa. Aliniuliza niliporudi kutoka migodi ya shaba ya Rodesia ya Kaskazini. Hata nilipokuwa utingo wa lori la mizigo kati ya Mbeya na Tunduma aliniuliza, ingawa njia ile niliijua mti kwa mti na haikuwa na mahali pa kufichika mtu. Wengine hakuwauliza. Wengine walikuwa wakulima, walilala pale pale walipoamka. Mimi ndiye niliyekuwa natembea, basi swali likawa langu.

Aliyemuulizia alikuwa binti yake, Atupele. Nitamfikia. Kwanza niseme Mkunga mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani, maana siku hizi nikiwa mbali namkumbuka kwa vipande, na kila kipande kinakataa kukaa karibu na kingine.

Alikuwa mkunga wa mlima wetu, juu ya Isongole, enzi za Mwingereza, wakati hospitali ilikuwa safari ya kubebwa kwa machela. Karibu sote tulipita mikononi mwake. Mikono yenyewe ilikuwa mipana kama ya mwashi, na ilikuwa ya baridi siku zote, hata alipotoka kuota moto. Alikuwa na tabia ya kukushika kidevu mbele za watu na kusimulia ulivyozaliwa. Karani wa baraza, aliyependa kusema mpaka watu wakasinzia, alishikwa kidevu siku ya ubatizo wa mtoto wake mwenyewe.

"Huyu alizaliwa kimya," Mkunga akawaambia wageni. "Nilimpiga makofi mpaka kiganja kikaniuma. Leo nani atanisaidia kumrudisha alikotoka?"

Watu walicheka mpaka karani akajifanya anakwenda kuangalia mbuzi. Na mimi hakuniacha. "Wewe ulitanguliza miguu," aliniambia kila nilipoaga. "Ndiyo maana hukai."

Neno lake kubwa lilikuwa "bado". Mwanamke mwenye uchungu alipolia, "Mkunga, nimefika?" yeye alisema, "Bado." Akilia tena, "Bado." Alilisema kwa sauti ile ile, bila huruma na bila ukali, hata wanawake wakalichukia kuliko maumivu yenyewe. Kisha saa ilipofika alisema, "Tayari," na mtoto akatoka. Mama yangu alinieleza kwamba neno lile la pili lilikuwa kama kufunguliwa mlango. Alisema hajawahi kumsikia Mkunga akilitumia mahali pengine popote, hata kwa chakula kilichoiva. Ugali ukiwa mezani Mkunga alisema, "Njooni." "Tayari" aliiweka akiba.

Kanisani aliimba kwa nguvu kuliko kwaya, lakini alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, kwa sababu alikuwa na ugomvi usiokwisha na katekista. Ugomvi ulikuwa juu ya chemchemi.

Chemchemi yetu ilikuwa juu ya nyumba zote, kwenye miamba, na nyumba ya Mkunga ndiyo iliyokuwa ya mwisho kabla ya kuifikia. Maji yalitoka chini ya jiwe jeusi, yakatulia kwenye kidimbwi ambacho hakikumfika mtu magotini, kisha yakateremka. Taratibu zake zilijulikana hata kwa mtoto. Chombo chenye masizi hakikugusa maji yale. Kabla ya kuchota uligonga kibuyu chako kwenye jiwe, ukangoja kidogo, ndipo ukainama. Kila mtu alikuwa na namna yake ya kugonga, na waliokuwa bondeni wakipalilia waliweza kusema, "Huyo fulani yuko chemchemi." Bibi arusi alipelekwa pale asubuhi ya kwanza, akagongewa na mama mkwe, ili maji yamjue.

Na mtu alipokufa, mtungi wake ulipandishwa kule ukavunjwa juu ya jiwe, ili maji yasimngoje na yeye asiendelee kuchota. Kazi hiyo haikugombaniwa, kwa maana aliyevunja hakunywa tena maji ya chemchemi ile maisha yake yote, na siku hiyo alipaswa kuondoka bila kulala kijijini. Kwa kawaida walitafuta mkwe kutoka mbali, au mfanyabiashara wa chumvi wa ng'ambo ya mpaka, mtu ambaye maji yetu hayakuwa kitu kwake.

"Huo ni ushenzi, Mkunga," katekista alimwambia mbele ya waumini, siku Mkunga alipomfukuza chemchemini msichana wa kazi wa nyumbani kwa katekista kwa sababu ya sufuria nyeusi.

"Nimekubali, mimi mshenzi," Mkunga alijibu. "Na wewe Mkristo kanywe masizi."

Jumapili iliyofuata alikuja kanisani kama kawaida, akaimba kama kawaida. Na mke wa katekista alipojifungua alimwita yeye, naye akaenda mbio, bila kinyongo.

Sasa Atupele. Alikuwa binti wa kwanza, mrefu, mwenye haraka ya kutembea na uvivu wa kujibu. Ugongaji wake ulikuwa wa kuchekesha: mara mbili upesi, kisha kimya, kisha mara moja tena, kama mtu aliyeondoka akakumbuka kitu akarudi. Ko-ko. Ko. Alikuwa na desturi ya kuchana kipande cha jani la mgomba, akakikunja, akakiweka juu ya maji mtungini yasimwagike njiani. Wanawake wengi walifanya hivyo, lakini yeye alilikunja jani kwa ncha kama bahasha ndogo, na wenzake walimtania kwamba anafunga barua.

Alasiri moja ya ukungu, Mkunga alikuwa amerudi kuzalisha, amechoka, akamtuma maji. Atupele akasema anaumwa kichwa. Mkunga akamwambia kichwa hakibebi mimba, nenda. Akaenda. Watu wa bondeni walimsikia akigonga. Waliokuwa karibu walisema walimsikia akirudia, na kurudia tena, kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyofunguliwa. Hakurudi. Walipopanda waliukuta mtungi umesimama juu ya jiwe, mzima, umejaa, jani limeshawekwa juu. Kidimbwi kilikuwa hakimfiki mtu magotini. Hakukuwa na damu wala alama ya chui, na njia ya kwenda Nyasaland ilipita uwanjani kwa watu waliokuwa wakianika mahindi.

Wako waliosema ametoroka na mwanamume wa ng'ambo. Wako waliosema vingine, kwa sauti ya chini. Wazee walikuja kwa Mkunga baada ya muda wa heshima, wakasema mtungi uvunjwe.

"Bado," akasema.

"Mkunga, mtoto hayupo."

"Mimi huwa nashika kwa mikono. Hakuna aliyenipa kitu cha kushika. Bado."

Akauweka mtungi jikoni, umesimama, mdomo juu. Mtungi wa mtu asiyekuwapo hufudikizwa, kila nyumba kwetu hufanya hivyo. Wa Atupele ulisimama kama wa mtu anayetarajiwa jioni.

Miaka ikapita hivyo. Mimi nilikuwa naenda na kurudi, nikiulizwa neno langu moja. Nilianza kuwatazama wanawake usoni kwenye masoko, vituoni, kwenye mistari ya maji ya makambi ya migodi. Nilipata sifa mbaya kwa ajili hiyo, na safari moja, huko Rodesia, nilipigwa ngumi na mume wa mtu. 

Aliyeleta bomba ni Amosi, mdogo wake Atupele. Alifanya kazi kwenye kundi la mabomba huko migodini, akarudi na ufundi na maneno ya Kibemba. Alimkuta mama yake, mwanamke wa umri ule, bado anapanda miambani na kibuyu, kwa sababu hakumruhusu mtoto wa mtu mwingine amchotee. Amosi akaapa kwamba mama yake hatapanda tena. Alikwenda Mbozi kwa mzungu wa kahawa aliyekuwa anauza vyombo arudi kwao, akapata mabomba chakavu na koki moja iliyochoka, akavilaza vile vitu kutoka kidimbwini mpaka jikoni kwa mama yake.

Hapo ndipo wazee walipokuja mara ya pili. Walisema bibi arusi hupelekwa kwa maji. Hawajawahi kuona maji yakiletwa kwa bibi arusi. Nani ameyaambia yanakwenda wapi? Na yanaingia jikoni, kwenye masizi yale yale yaliyokatazwa?

"Wazee wangu, mukwai," Amosi alisema, akitia neno lao la heshima na kupiga makofi kama walivyo watu wa huko, "huku tumebaki nyuma. Huko nilikotoka maji yanaingia hata chumbani."

"Na huko yanamjua nani?" mzee mmoja akauliza.

Amosi alicheka. Mkunga hakucheka. Koki ilipofungwa ukutani, ikawa haikazi, ikidondosha tone baada ya tone, alitazama kwa muda, kisha akauchukua mtungi wa Atupele akauweka chini yake.

Nadhani hilo ndilo lililokuwa kosa, kama kulikuwa na kosa. Mtungi usiovunjwa, mdomo juu, na chemchemi yenyewe inadondoka ndani yake mchana kutwa. Lakini nyumba ile hakuna aliyeona hivyo. Walihofia tone lisipotee.

Bomba likaanza kugonga. Niliporudi safari ile nilikalishwa jikoni, nikajibu swali langu, na kabla sijamaliza kusema "sijamwona" nikasikia ukutani: ko-ko. Kimya. Ko. Kisha koki ikakohoa, maji yakashuka.

Mkunga hakugeuka. Alisema tu, "Asante, mama," kama mtu anavyomshukuru binti aliyetua mzigo.

Mimi nimesoma sekondari. Nilimweleza habari za hewa inayonaswa ndani ya bomba, jinsi maji yanavyoisukuma ikapiga kuta za chuma. Alinisikiliza vizuri kabisa, akaniongezea chai.

"Na hewa hiyo," akasema, "inaumwa kichwa? Maana siku za ukungu inakuja kwa kuchelewa."

Amosi alikwenda Rodesia, akarudi tena na koki mpya. Mimi nilikuwapo siku ile, ndiye niliyemshikia bomba. Alikuwa ameifunga ndani ya soksi, na alitusimulia jinsi askari wa mpakani Tunduma alivyoitoa akaitazama akidhani ni kipande cha bunduki. Ilikuwa ya shaba ya manjano, inang'aa hata ukajiona pua. Aliitembeza mikononi mwetu kwa furaha, lakini nilipomtazama niliona hakulala vizuri. Aliniambia pembeni, uani, kwamba hakuleta koki kwa ajili ya matone.

"Mama anaongea na ukuta, kaka. Majirani wote wanajua. Nikiikaza hii, hakuna tone, hakuna kugonga. Atasahau. Atakubali mtungi uvunjwe, tumlilie dada kama watu."

Jikoni akamwambia mama yake, "Hii ikifungwa imefungwa, mukwai. Hata tone."

"Usinimukwai mimi, nilikuzaa. Hata tone?"

"Hata tone."

"Ndicho ninachoogopa. Ukimfungia, atabaki wapi?"

 Amosi alipanda chemchemini akaziba mdomo wa bomba kwa matambara, akakaza na kijiti, akarudi. Tukangoja bomba lijikaushe. Koki ya zamani ikadondosha tone la mwisho, ikanyamaza. Alipaka rangi kidogo kwenye nyuzi za kukazia za koki mpya, akazungushia katani, akaiweka juu ya kigoda tayari kufungwa. Kisha akaishika ile ya zamani kwa spana, akakaza meno, akaanza kuifungua.

Ko-ko.

Tuliangaliana. Bomba lilikuwa tupu na juu limezibwa. Spana ilisimama mkononi mwake. Mkunga alikuwa ameketi karibu na mafiga, mikono yake mipana mapajani, akingoja kama alivyongoja vitandani pa wazazi.

Ko.

"Bado," Mkunga akauambia ukuta, taratibu.

Amosi akavuta spana kwa nguvu, koki ya zamani ikatoka. Maji hayakutoka. Ndani ya shingo ya bomba kulikuwa na kitu cha kijani. Alikichomoa kwa ncha ya kisu: kipande cha jani la mgomba, kibichi, kimekunjwa kwa ncha kama bahasha. Huko juu kwenye miamba hakuna mgomba hata mmoja. Amosi alikitupa motoni haraka, kama mtu aliyeshika kaa la moto, na Mkunga akatia mkono kwenye moto ule akakitoa. Mkono haukuungua. Alikifuta majivu, akakiweka mtungini.

"Endelea na kazi yako," akamwambia mwanawe.

Akaendelea. Alifunga vizuri, ufundi haukumwacha. Akapanda, akazibua, akashuka. Koki ilikaza kweli. Hakukuwa na tone. Tulikaa pale alasiri nzima tukisikiliza, Amosi akaanza kutabasamu, akaomba hata chakula.

Ndipo Mkunga alipoinuka, akachukua mwiko, akaipiga ile shaba mpya kwa mpini wake. Mara mbili upesi. Akangoja. Mara moja.

Mbali sana ndani ya bomba, juu huko kuelekea miambani, kitu kikajibu.

Amosi alikuwa na likizo ndefu, lakini kesho yake asubuhi alifunga mizigo. Tangu hapo alituma nguo, sukari, blanketi zuri la mgodini. Yeye mwenyewe hakurudi wakati nilipokuwa bado napita njia ile.

Mkunga akaishi na koki yake. Aliisugua kwa majivu na ndimu kila Jumamosi, ikang'aa kwenye jiko lile jeusi kama jicho. Aliendelea kuzalisha mpaka macho yalipokataa, na hata hapo aliitwa ili aseme tu lile neno lake. Watoto walimpenda lakini hawakuingia jikoni. Mama Yohana, jirani yake, aliniambia alikuwa akimsikia akigombana huko ndani: "Mbona umechelewa? Mbona mtungi nusu? Umepita kwa nani?" Kisha kicheko cha Mkunga. Cha mwingine, Mama Yohana aliniapia, hakukisikia. Lakini aliapa kwa haraka mno.

Mara yangu ya mwisho nilifika mchana, kutoka Isongole, siku ya ukungu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshatoka mvi. Mkunga alikuwa amekaa pale pale karibu na mafiga, mdogo, amekunjwa, macho meupe. Nilisimama mlangoni nikingoja swali. Nilikuwa na jibu langu mdomoni.

"Kaa," akasema.

Nilikaa. Nilisikia ajabu, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo.

"Mbona hukuniuliza, mama?"

"Ulikuwa unaniambia kweli siku zote. Nimekuchosha bure." Akapapasa hewani mpaka akapata kidevu changu. Mkono ulikuwa baridi vile vile. "Una kiu?"

"Ninayo. Njia ni ndefu."

Alichukua mwiko, akaigonga koki. Ko-ko. Ko. Tukangoja, ukungu ukiingia mlangoni. Kikajibu, karibu sana safari hii, kama nyuma tu ya ukuta. Alifungua, maji yakaja, akanijazia bakuli. Yalikuwa ya baridi ya mwambani, yana ladha ya jiwe na jani, ladha niliyoiota huko Lupa na kila kambi niliyolala.

"Kunywa tena," akasema. "Kunywa mpaka ushibe."

Nilikunywa. Alipoona nimeshusha bakuli, au aliposikia, akauinua mtungi wa Atupele kutoka chini ya koki. Ulikuwa umejaa, jani juu yake bichi kabisa. Aliyamwaga maji yale polepole kwenye sakafu ya udongo, akanipa mtungi.

"Nitafute mkwe wa mbali, nimtoe wapi?" akasema. "Wewe hukai. Utapanda na huu."

Nilielewa kwa nini alininywesha kwanza.

"Mama, maji ya kwetu ndiyo kitu pekee ninachorudia."

"Najua, mwanangu. Ningekuwa na mwingine ningemtuma mwingine."  "Mimi sina siku nyingi. Nikifa, atamletea nani? Atakuwa anapanda na kushuka kwa nyumba tupu, na kichwa kinamuuma. Nilimtuma, hakuna aliyemwambia aache. Nimemtuma vya kutosha."

Niliushika mtungi. 

"Tayari," akasema Mkunga.

Nilipanda. Ukungu ulikuwa mzito, nilifuata bomba kwa mguu ili nisipotee, chuma kikilia chini ya kiatu. Katikati ya njia bomba likaisha. Maporomoko ya masika fulani yalikuwa yamelikata, na kipande cha juu kilikuwa kimelala majanini mbali na kidimbwi, kimeoza kwa kutu. Niliinama nikatazama mdomo wa kile cha chini, kile kilichoteremka jikoni kwake. Kilikuwa kikavu. Buibui alikuwa ametanda ndani yake, utando wa zamani wenye vumbi, na haukuwa na unyevu hata kidogo. Maji niliyokunywa yalikuwa bado yananipa baridi tumboni.

Kwenye jiwe niligonga kwanza, kwa vile ndivyo inavyotakiwa. Niligonga kwa namna yangu mwenyewe, ambayo sikuwa nimeitumia tangu ujana. Pembeni ya jiwe majani yalikuwa yamelala chini, kama mahali ambapo mtu husimama kila siku. Nikasema kwa sauti, nikiona haya na hofu pamoja: "Atupele, mama amesema pumzika." Nikauvunja mtungi. Vigae viliingia majini, na maji yale yasiyofika magoti yakavimeza, sikuviona tena.

Nilimkuta Mkunga amesimama mbele ya koki, mwiko mkononi.

"Umevunja?"

"Nimevunja, mama. Lakini bomba huko juu limekatika, na si leo."

"Najua," akasema. "Nilianguka juu yake nilipokuwa bado naona."

Akaigonga shaba. Ko-ko. Ko. Tulingoja. Tulingoja mpaka moto mafigani ukahitaji kuni. Kisha akaifungua koki mpaka mwisho. Ilitoa pumzi ndogo ya hewa kavu, na vumbi la kutu likamwangukia mkononi.

Hakulia. Aliifunga, akaikaza vizuri, akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Ukipita kwa Mama Yohana," akasema, "mwambie binti yake aniletee maji kesho. Na chombo chake kisiwe na masizi."

"Nitamwambia."

"Haya nenda, usilale hapa. Na huko uendako," akakitafuta kidevu changu, akakikosa, akashika bega, "usiwatazame tena watu usoni."

Nilipita kwa Mama Yohana, nikasema nilichotumwa. Alinikaribisha, akaniletea kata ya maji kama ilivyo desturi. Niliishika, nikamrudishia. Kisha nikashuka na njia ya Isongole, nikiwa na kiu.